Korosho Ni Ladha, Protini Iko Kwenye Mbaazi

Baa za protini, yaani vile vipande vya kutafuna vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa na kuandikwa idadi ya gramu kwa tarakimu kubwa, si bidhaa ngeni tena kwa mkazi wa Mtwara au Lindi. Wafanyabiashara wanazileta kutoka Dar es Salaam, vijana wanaonyanyua vyuma wanaziagiza, na pembeni yao wasindikaji wadogo wa korosho, karanga na ufuta nao wanatengeneza vipande vyao na kuvinadi kwa sifa ileile. Mnunuzi anayetaka kitu kitamu chenye protini ya kutosha huwa na maswali mawili, ila huyauliza kana kwamba ni moja. Ninavyoona mimi, mkanganyiko wote unaanzia hapo, kwa sababu ndani ya kipande cha gramu 50 au 60 utamu na protini vinagombania nafasi moja, na mtengenezaji hawezi kuongeza kimoja bila kupunguza kingine, au bila kutumia viambato ambavyo havipatikani katika jiko la kawaida.

Tuanze na kipimo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1924 ya mwaka 2006, hauruhusu chakula kiandikwe kuwa kina protini nyingi mpaka angalau asilimia 20 ya nishati yake iwe imetokana na protini. Kikifikia asilimia 12 kinaweza kuitwa chanzo cha protini tu. Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na ya afya (WHO), kina kipimo kingine ambacho ni rahisi zaidi kutimiza: kwa chakula kisicho cha maji, gramu 10 za protini katika kila gramu 100 zinatosha kukiita chenye protini nyingi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa bidhaa za kusini, kwa kuwa korosho hupita kwa urahisi katika mlango wa Codex na kukwama katika mlango wa Ulaya. Mimi nashika kipimo cha Ulaya. Anayekula kitafunwa kati ya mlo na mlo anatumia sehemu ya nishati aliyonayo kwa siku nzima, na jambo la maana kwake ni kiasi gani cha protini anapata kwa nishati hiyo, maana kipande kizito chenye mafuta mengi kinaweza kuwa na gramu nyingi za protini na bado kikawa chakula cha mafuta.

Hesabu yenyewe inafanyika dukani bila kikokotoo. Gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4, kwa hiyo zidisha gramu za protini kwa 20, kisha linganisha jibu na kilokalori za kipande hichohicho. Jibu likilingana nazo au likizizidi, asilimia 20 imefikiwa. Baa yenye gramu 10 za protini na kilokalori 250 inavutia kwa mbele, lakini 10 mara 20 ni 200, na hapo imeshindwa. Bidhaa za Afrika Kusini huandika nishati kwa kilojuli, nazo hugawanywa kwa 4.2 ili kupata kilokalori. La kuangalia zaidi ni safu mbili za jedwali, ile ya gramu 100 na ile ya kipande kimoja, kwa sababu tarakimu iliyo mbele ya karatasi wakati mwingine inatoka katika safu ya gramu 100 ilhali mkononi una kipande cha gramu 35.

Sasa tupitishe mazao yetu wenyewe katika chekeche hilo. Gramu 100 za korosho zina protini karibu gramu 18 na kilokalori takriban 550, ambapo mafuta peke yake yanafika gramu 44. Kumi na nane mara 20 ni 360, mbali kabisa na 550. Sehemu ya nishati inayotokana na protini ni kama asilimia 13. Ufuta uko hapohapo, ukiwa na gramu 17 au 18 za protini na mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake. Karanga ni bora kidogo, kwani zina gramu 25 hadi 26 kwa kilokalori zipatazo 570, na zinafika asilimia 18 zikiwa peke yake. Zikishatiwa sukari ya kashata, hata hiyo 18 haibaki: kashata ya gramu 40 yenye karanga gramu 24 na sukari gramu 16 ina protini gramu 6 tu kwa kilokalori 200, sawa na asilimia 12.

Hakuna sababu ya kushangaa, wala ya kuona kwamba korosho imedhalilishwa. Hata watafiti wanaweka karanga na ufuta katika kundi la mbegu za mafuta, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mazao hayo sambamba na korosho. Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika mwaka 1947, wakichagua Nachingwea pamoja na Kongwa na Urambo, walikuwa wakitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyokuwa na upungufu baada ya vita. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mafuta hayo, na mradi ukaachwa mwaka 1951 bila kuyapata kwa kiasi kilichotarajiwa. Waliokuja kulima kwa matrekta walijua kilichomo ndani ya karanga kuliko anayeandika leo lebo ya kashata.

Zao linalopita chekeche kwa nafasi ni mbaazi. Mbaazi kavu zina protini gramu 21 hadi 22 katika gramu 100, na kwa kuwa mafuta yake ni machache mno nishati yake haizidi sana kilokalori 340. Zidisha kwa 20, unapata zaidi ya 420. Asilimia 25 ya nishati yake ni protini. Hata hivyo, hili ndilo zao ambalo kusini tumezoea kulihesabu kwa magunia ya kupeleka India, kiasi kwamba India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje mwezi Agosti 2017, bei ya mkulima iliporomoka na wengi wakabaki na mzigo ndani. Ni ajabu kwamba mjadala wote wa wakati ule ulikuwa juu ya soko la nje, na ni wachache waliouliza kama mbaazi zinaweza kuliwa kwa namna nyingine zaidi ya mboga ya nazi ya kulia wali au mandazi ya asubuhi.

Kwa nini basi hatuoni baa tamu za mbaazi? Jibu liko katika hesabu, na hapa inafaa tukae kidogo. Chukua unga wa mbaazi zilizokaangwa gramu 40, ufuta gramu 10, korosho gramu 15 na tende gramu 35, vifikie gramu 100. Ni mchanganyiko ambao kwa mdomo unaweza kupendeza, lakini protini yake ni gramu 14 na nishati yake ni karibu kilokalori 375. Ingehitaji gramu 19 ili ipite. Tende, ambayo ndiyo gundi na ndiyo utamu, imekula theluthi ya uzito bila kuleta hata gramu moja kamili ya protini. Punguza tende ziwe gramu 25, korosho zishuke hadi 5, kisha ongeza gramu 20 za maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta: protini inapanda hadi gramu 19 kwa kilokalori 364, na mara 20 inapata 380 na ushei. Imepita, lakini kwa kusukuma pembeni vilevile vitu viwili ambavyo mlaji alivitaka zaidi.

Viwanda vya nje vimekumbana na hesabu hiyohiyo na kuitatua kwa kutenganisha protini na chakula chake. Baa za mwanzo hazikujali sana protini: PowerBar, iliyoanzishwa California mwaka 1986 na mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, Brian Maxwell, ilikuwa hasa chakula cha wanga kwa mtu anayekimbia masafa marefu. Protini ilipokuja kuwa ndiyo sifa kuu, watengenezaji waligeukia wei, yaani protini ya maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo ikikaushwa na kuchujwa inafika asilimia 80 hadi 90 ya protini, au soya iliyosafishwa hadi kiwango hicho. Wengine walichukua njia inayoeleweka zaidi. RXBAR, iliyoanzia Chicago mwaka 2013 na kununuliwa na Kellogg mwaka 2017 kwa dola milioni 600, ilijipatia jina kwa kuandika viambato vyake mbele ya karatasi: ute mweupe wa mayai matatu, lozi sita, korosho nne na tende mbili. Msomaji wa Tandahimba au Newala ana haki ya kutabasamu akiona hizo korosho nne, lakini azitazame vizuri, kwa sababu zimewekwa pale kwa ajili ya ladha na ulaini. Gramu 12 za protini ndani ya kilokalori zipatazo 210 zinatokana kwa sehemu kubwa na ute wa mayai uliokaushwa.

Kwa upande wa ladha, mtu akielewa protini iliyotenganishwa inavyofanya kazi mdomoni ataacha kununua kwa kubahatisha. Wei inakausha ulimi na kuacha hisia ya unga wa chaki. Ikiwa imevunjwavunjwa ili imeng'enywe haraka, inaongeza uchungu. Soya na njegere huleta ile harufu ya kunde mbichi. Kuficha hayo mtengenezaji anahitaji mafuta, sukari, kakao au chumvi, na kwa kuwa sukari na mafuta vinaharibu hesabu ya nishati, wengi hukimbilia viongeza utamu kama maltitoli na sorbitoli, ambavyo vina kalori chache kuliko sukari. Hapa ndipo utamu unapoanza kudai malipo yake tumboni. Viambato hivyo havifyonzwi vyote, vinavuta maji utumboni na kuchachushwa na bakteria, na anayekula vipande viwili vitatu kwa siku anaweza kupata gesi na kuharisha. Ndiyo sababu Ulaya inalazimisha onyo kwenye chakula ambacho viambato hivyo vinazidi asilimia 10. Inulini, nyuzinyuzi zinazotolewa kwenye mizizi ya chikori, nazo hujaza tumbo gesi kwa watu wengi. Kwa maoni yangu, baa ambayo majina haya yanatokea katika nafasi tatu za mwanzo kwenye orodha ya viambato haifai kuchukuliwa kwa safari ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, hata kama inapita hesabu ya 20 kwa mbali. Orodha hiyo hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi.

Hali ya hewa yetu nayo ina sauti katika jambo hili, na mara nyingi lawama inayopewa kiwanda inastahili kupewa joto. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 au karibu na hapo, na katika miezi ya Novemba na Desemba gari lililofungwa vioo au rafu inayopigwa na jua hupita kiwango hicho bila taabu. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda tena hutoa weupe juu, ambao haudhuru lakini umechukua ulaini wote. Jambo baya zaidi halionekani: protini ndani ya baa huendelea kuvuta maji kutoka kwenye viambato vingine na kushikamana, huku ikiungana polepole na baadhi ya sukari, na kadiri joto linavyozidi ndivyo kipande kinavyogeuka kigumu kama soli ya kiatu kabla hata ya tarehe ya mwisho kufika. Kwa hiyo, kwa mnunuzi wa pwani ya kusini tarehe ya kutengenezwa ina maana kubwa kuliko ya kuisha, na baa isiyo na chokoleti juu ni salama zaidi kuliko iliyofunikwa. Bonyeza kipande kupitia karatasi yake. Kikikataa kabisa kuingia ndani, kirudishe. Vipande vya korosho na ufuta vina tatizo tofauti, kwani mafuta yake yakikaa katika joto na mwanga hutoa harufu ya mafuta ya zamani, na karatasi laini inayopitisha mwanga inaharakisha jambo hilo.

Protini zenyewe hazilingani, na hili mara nyingi halisemwi. Kolajeni na jelatini, zinazotolewa kwenye ngozi na mifupa, zinawapendeza watengenezaji kwa sababu hazina harufu na huufanya ujenzi wa baa uwe laini, lakini zimekosa kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Baa inayojigamba kwa gramu 20 huku kolajeni ikitangulia kwenye orodha inahesabu gramu ambazo zikiwa peke yake haziwezi kuujenga mwili. Mbaazi zina asidi amino iitwayo lisini ya kutosha, na upungufu wa nyingine iitwayo methionini. Ufuta una hali ya kinyume chake, methionini nyingi na lisini kidogo. Vikiliwa pamoja vinajaziana, na hiyo ndiyo sababu katika ule mchanganyiko wa hesabu nilibakiza ufuta wakati nilipopunguza korosho. Atakayejaribu asisahau kuzikaanga mbaazi zikaiva sawasawa, kwa kuwa zikiwa mbichi zina viambato vinavyozuia usagaji wa protini tumboni, na joto ndilo linaloviharibu. Kukaanga huko pia kunaondoa ile harufu ya kunde. Unga wa ubuyu kidogo na chumvi vingesaidia zaidi ladha kuliko kuongeza tende, maana uchachu na chumvi haviongezi kalori za kutajika.

Nani anazihitaji baa hizi? Wachache kuliko wanaozinunua. Kiwango salama kilichowekwa na WHO, FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 50, na anayekula samaki mchana na maharage usiku amefika au amekaribia. Mchezaji anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku, iwe ni kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona au Ruangwa, anahitaji zaidi, na kwake kitu cha kubeba mfukoni kina maana. Lakini hata yeye afanye hesabu ya pesa. Tuseme baa yenye gramu 20 inauzwa shilingi 8,000. Kila gramu ya protini imemgharimu shilingi 400. Yai la kuchemsha likiuzwa shilingi 500 na kutoa gramu 6, gramu moja ni kama shilingi 83, na kwa hesabu ya nishati gramu hizo 6 mara 20 ni 120 dhidi ya kilokalori 75 hivi. Pweza anayeuzwa jioni kwa vipande vya kuchoma na pilipili anapita hesabu hiyo kwa mbali kuliko baa nyingi, ingawa nakubali kwamba hakai mfukoni.

Ndiyo maana nasita kukubali kwamba kitafunwa cha protini lazima kiwe kitamu. Mbaazi za kukaanga zenye chumvi, pilipili na ndimu, zikichanganywa na korosho chache za vipande, hazihitaji tende wala sharubati ya kuzishikanisha, na hivyo gramu zote zinabaki kufanya kazi. Robo tatu mbaazi na robo korosho kwa uzito hutoa protini karibu gramu 21 kwa kilokalori 400 hivi. Inapita, ikiwa imekaangwa bila mafuta ya kuongeza. Korosho za vipande, ambazo bei yake iko chini ya zile nzima, zina lishe ileile na zinatosha kabisa kwa kazi hii.

Kwa msindikaji wa Masasi, Nachingwea au Lindi mjini anayefikiria kuingia katika biashara hii, jambo la kwanza linalostahili fedha yake ni uchambuzi wa maabara, kabla ya karatasi ya kung'aa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka ukomo wa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kuwa maikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla na 5 kwa aina ya B1, na karanga zilizovunwa vibaya au kukaushwa chini zinaweza kuuvuka ukomo huo huku zikionekana safi. Kukaanga hupunguza sumu hiyo kwa sehemu tu, kwa hiyo uchambuaji wa karanga zilizosinyaa na zenye ukungu lazima utangulie. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, litataka bidhaa ipimwe na lebo ikaguliwe. Jedwali la virutubisho likishatoka maabara, mwenye kiwanda afanye mwenyewe ile hesabu ya 20. Bidhaa yake ikiwa ni korosho, ufuta na asali, haitapita, na aandike kwa herufi kubwa kwamba ni kitafunwa cha korosho na ufuta wa kusini, ambacho watu watakinunua kwa utamu wake. Maneno ya protini nyingi ayaweke kwenye pakiti ya mbaazi.